Pande Mbili za Kaunta: Somo la Biashara Shuleni na Kinga ya Mlaji

Utangulizi

Mlaji anapofika dukani huiona bei, wala haoni namna ilivyopatikana. Gharama ya malighafi, upungufu wa uzito, nauli, kodi ya pango na faida ya muuzaji hubaki nyuma ya kaunta, na hukohuko ndiko udanganyifu hupata maficho. Ndiyo sababu sheria pekee haitoshi kumlinda mnunuzi. Mwenye kujua namna bei inavyojengwa ni vigumu kudanganywa, na asiyejua hulindwa baada ya kuumia.

Somo hili linahusu elimu ya biashara na ujasiriamali katika shule za sekondari nchini Tanzania. Halikuandikwa kwa ajili ya wanafunzi peke yao. Katika shule nyingi somo hilo hufundishwa kwa Kiingereza, na wazazi wengi hawapati nafasi ya kujua kilichomo katika daftari la mtoto. Hata hivyo hesabu anazofanya mwanafunzi darasani ndizo hesabu ambazo kaya huhitaji kila siku sokoni, dukani na mbele ya mkopeshaji.

Baada ya kusoma somo hili, msomaji ataweza:
(a) kukokotoa gharama halisi ya bidhaa ndogo na kutambua mahali ambapo mnunuzi anaweza kupunjwa;
(b) kulinganisha bei kwa kipimo kimoja;
(c) kusoma lebo na kutunza risiti;
(d) kupima uzito wa mkopo kabla ya kuupokea, na
(e) kuuliza maswali yanayofaa kuhusu mradi wa biashara wa shule.

1. Chimbuko la somo

Wazo la shule inayofundisha uzalishaji si geni kwetu. Machi 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea, nalo likaitaka kila shule iwe pia mahali pa kazi. Shule zikawa na mashamba, mabanda ya kuku na maduka ya ushirika. Katika miaka ya 1970 shule za sekondari zikapangwa kwa michepuo: kilimo, ufundi, sayansi kimu na biashara. Waliosoma mchepuo wa biashara walijifunza utunzaji wa vitabu vya hesabu na taratibu za biashara; wa michepuo mingine kwa kawaida hawakuyapata masomo hayo.

Mtaala ulioboreshwa wa mwaka 2023 umelibadili jambo hilo kwa kuliweka somo la biashara miongoni mwa masomo ya lazima kwa mkondo wa jumla wa sekondari ya chini. Kwa hiyo kaya nyingi zenye mtoto wa kidato cha kwanza sasa zina mtu anayejifunza gharama, bei, faida, mtaji na kumbukumbu za fedha. Swali lililobaki ni kama elimu hiyo itaishia kwenye mtihani au itafika mezani nyumbani.

2. Mradi wa karanga: gharama halisi ni ipi?

Tuchukue mfano wa kikundi cha wanafunzi watano wanaokaanga karanga na kuziuza katika pakiti za gramu 50. Bei zilizotumika hapa ni za mfano; msomaji aweke bei za sokoni kwake.

Kikundi kilinunua kilo 10 za karanga mbichi. Matumizi yake yalikuwa haya:

Karanga kilo 10 kwa Sh. 4,000: Sh. 40,000
Mkaa: Sh. 3,000
Chumvi: Sh. 500
Mifuko 200 kwa Sh. 20: Sh. 4,000
Nauli: Sh. 2,000
Jumla: Sh. 49,500

Kabla ya kuanza, wanafunzi walipiga hesabu kwamba kilo 10 ni gramu 10,000, nazo zikigawanywa kwa 50 ni pakiti 200. Pakiti moja ikiuzwa Sh. 300, mapato yatakuwa Sh. 60,000 na faida Sh. 10,500.

Walipomaliza kukaanga walipata kilo 9 tu. Maji yaliyokuwamo ndani ya karanga yalikauka, maganda yalipukutika, na punje zilizooza zilichambuliwa zikatupwa. Kilo 9 ni pakiti 180. Mapato yakawa Sh. 54,000, na faida ikashuka hadi Sh. 4,500. Ukiigawa kwa watu watano waliofanya kazi mchana kutwa, kila mmoja anapata Sh. 900.

Hapo ndipo somo la biashara linapoanza kwa kweli. Kikundi kina njia kadhaa mbele yake, na kila moja inamgusa mnunuzi.

Njia ya kwanza ni kupunguza uzito bila kusema. Gramu 9,000 zikifungwa katika pakiti za gramu 45 zinatoa pakiti 200 kamili. Mapato yanarudi Sh. 60,000 na faida iliyotarajiwa inapatikana yote. Pakiti bado imeandikwa "gramu 50". Gramu tano za karanga ni punje chache tu, na pengine hakuna mnunuzi atakayegundua. Lakini tuseme wazi: faida imetoka Sh. 4,500 hadi Sh. 10,500, na nyongeza yote ya Sh. 6,000 imetoka mifukoni mwa wanunuzi kwa njia ya uongo. Hivi ndivyo mlaji anavyopunjwa katika sukari, mchele, nyama na mafuta ya kula: anapunguziwa kidogo kila mara, na hasara hiyo haionekani kwa macho.

Njia ya pili ni kuzirudisha zile punje zilizooza. Njia hii ni mbaya kuliko ya kwanza, kwa kuwa inagusa uhai. Karanga na mahindi yenye ukungu yanaweza kuwa na sumukuvu, na moto wa kukaangia hauiondoi yote. Mwaka 2016 sumukuvu iliyokuwa katika mahindi iliripotiwa kuugusa afya ya watu 68 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na 20 kati yao walifariki. Punje iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ukungu haina bei. Ni hasara inayopaswa kuingizwa katika hesabu na kutupwa.

Njia ya tatu ni kuuza gramu 45 na kuandika "gramu 45". Mnunuzi anaambiwa ukweli, naye ataamua kununua au kuacha.

Njia ya nne ni kubakiza gramu 50 na kupandisha bei hadi Sh. 350. Pakiti 180 zitaleta Sh. 63,000, na faida itakuwa Sh. 13,500, sawa na Sh. 75 kwa kila pakiti. Huenda wanunuzi wakapungua, na kikundi kitalazimika kuwashawishi kwa usafi, ladha na uaminifu. Hayo ndiyo mashindano ya haki.

Mwanafunzi aliyekaa mbele ya mizani na kuamua baina ya njia hizo amejifunza zaidi ya kanuni ya faida. Amejua kwa mikono yake jinsi punjo inavyofanyika, na kuanzia hapo atazitazama pakiti za wengine kwa jicho jingine.

3. Kulinganisha bei kwa kipimo kimoja

Bei iliyoandikwa kwenye pakiti haimwambii mlaji kama kitu ni ghali au ni rahisi. Kinachomwambia ni bei ya kilo moja au ya lita moja. Karanga za gramu 50 kwa Sh. 300 ni Sh. 6,000 kwa kilo. Za gramu 45 kwa bei ileile ni takribani Sh. 6,667 kwa kilo. Pakiti mbili zinazofanana kwa umbo na bei zina tofauti ya Sh. 667 katika kilo.

Kanuni ni fupi: gawanya bei kwa uzito wa gramu, kisha zidisha kwa 1,000. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaiweza, na simu ya kawaida ina kikokotoo. Kanuni hii inafaa zaidi kwa bidhaa ambazo bei yake haijabadilika kwa muda mrefu huku mfuko ukizidi kuwa mwepesi. Inafaa pia kwa wanaonunua kidogokidogo, kwa maana mara nyingi kipimo kidogo ndicho chenye bei kubwa kwa kilo.

Sokoni, vipimo vya sado, kopo na fungu havisemi uzito. Sado moja inaweza kuwa imebonyea chini, na kopo linaweza kuwa limewekewa kitako cha pili. Mlaji anayo haki ya kuomba apimiwe kwa mizani. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inataka mizani ya biashara ihakikiwe, na Wakala wa Vipimo huweka stika kwenye mizani iliyopita ukaguzi. Kabla ya bidhaa kuwekwa, mshale au namba za mizani ziwe kwenye sifuri. Mkulima naye ni mlaji wa huduma ya upimaji: gunia la lumbesa, lililojazwa kupita kiasi na kushonewa kilemba, ni punjo ileile ya gramu tano ikiwa imeelekezwa kwa muuzaji.

4. Lebo na risiti

Mradi wa shule unaofungasha chakula unapaswa kuwafundisha wanafunzi kuandika lebo kamili. Lebo hiyo itaje jina la bidhaa, viambato, uzito halisi, jina na anwani ya mtengenezaji, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na tarehe ya mwisho wa matumizi. Kila neno kati ya hayo ni jibu la swali ambalo mlaji angeuliza kama mtengenezaji angekuwa mbele yake. Namba ya toleo, kwa mfano, huonekana kama pambo hadi siku mtu anapougua. Hapo ndipo inapowezesha mzigo mmoja kuondolewa sokoni pasipo kuharibu mizigo yote.

Alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania haiwekwi kwa hiari ya mtengenezaji; hutolewa baada ya bidhaa kukaguliwa na kupimwa. Kikundi kinachotaka kuuza nje ya uzio wa shule kianzie katika ofisi ya SIDO ya mkoa, shirika lililoanzishwa mwaka 1973 kusaidia viwanda vidogo, ambalo huwapa wajasiriamali ushauri na utambulisho.

Darasani mwanafunzi hufundishwa kuwa hakuna fedha inayoingia wala kutoka bila hati. Nyumbani hati hiyo ni risiti. Mlaji asiye na risiti akirudisha pasi iliyoungua siku ya tatu atakuwa na neno lake tu dhidi ya neno la muuzaji. Sheria ya kodi inamtaka muuzaji atoe risiti na inamtaka mnunuzi aidai, na kila mmoja anaweza kuadhibiwa asipotimiza sehemu yake. Wino wa risiti nyingi za mashine hufifia baada ya miezi michache. Kwa bidhaa yenye dhamana, piga picha ya risiti au toa nakala siku uliyonunua.

5. Mtaji na mkopo: riba ni pakiti ngapi?

Kikundi chetu cha karanga kinataka kukua, nacho kinahitaji Sh. 100,000. Mkopeshaji wa mtaani yuko tayari kutoa leo, kwa sharti la kurudishiwa Sh. 130,000 baada ya mwezi mmoja. Sh. 30,000 ni fedha nyingi au kidogo? Tuigeuze iwe karanga.

Kwa bei ya Sh. 350, kila pakiti inaleta faida ya Sh. 75. Sh. 30,000 ukizigawa kwa 75 unapata pakiti 400. Kikaango kimoja cha kilo 10 kinatoa pakiti 180, kwa hiyo kikundi kitakaanga zaidi ya mara mbili kwa ajili ya riba tu, bila kupata senti ya kugawana na bila kugusa deni lenyewe. Benki Kuu ya Tanzania imeelekeza kuwa watoa huduma ndogo za fedha wa daraja la pili, yaani wasiopokea amana, wasitoze riba inayozidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa kiwango hicho riba ya mwezi ingekuwa Sh. 3,500, sawa na pakiti 47.

Hesabu hii ndiyo inayokosekana katika mikopo ambayo wananchi wameipa jina la kausha damu. Mkopaji huambiwa rejesho la siku, nalo huonekana dogo, haambiwi jumla. Pengine ada ya fomu hukatwa kabla, akapokea pungufu ya kiasi alichoandikiwa na kulipa riba ya kiasi chote. Wengine hudaiwa kuacha kadi ya benki na namba yake ya siri kama dhamana. Katika mikopo ya simu, programu huomba ruhusa ya kusoma majina yote ya mkopaji, na akichelewa jamaa zake hupelekewa ujumbe wa kumwaibisha. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo ya kidijitali zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali.

Kabla ya kutia saini, mlaji aulize mambo manne: Nitapokea shilingi ngapi mkononi? Nitarudisha shilingi ngapi kwa jumla? Ni kwa muda gani? Leseni ya mkopeshaji iko wapi? Mkopeshaji anayekwepa swali lolote kati ya hayo amekwisha kujibu. Kwa wanafunzi tunaongeza kwamba mkataba wa mkopo si jambo la aliye chini ya miaka 18. Mwanafunzi asikopeshwe, wala asitumie laini ya simu ya mzazi kukopa.

6. Faida inatoka wapi?

Somo la biashara linatoa swali moja lenye nguvu kuliko matangazo yote: faida inatoka wapi? Katika mradi wa karanga jibu ni rahisi. Inatoka kwa mtu mwenye njaa aliyelipa Sh. 350 na kuondoka na gramu 50 za karanga.

Katika mpango wa upatu wa piramidi jibu hilo halipo. Hakuna kinachokaangwa, kinachoshonwa wala kinachouzwa. Malipo ya wa mwanzo ni michango ya waliofuata. Wananchi wengi wanaukumbuka mpango wa DECI, ambao washiriki wake walihimizwa "kupanda mbegu" na kungoja "kuvuna" zaidi ya walichopanda. Serikali iliusimamisha mwaka 2009, na baadhi ya viongozi wake wakafikishwa mahakamani. Mbegu iliyokuwa ikivunwa ilikuwa imepandwa na jirani.

Mipango ya namna hiyo hurudi ikiwa na majina mapya, na siku hizi hupitia vikundi vya simu vinavyoahidi malipo kwa kutazama matangazo au kuingiza wanachama. Mpango unaolipa kwa kuleta watu badala ya kuuza bidhaa, na ambao mwendeshaji wake hawezi kueleza faida kwa sentensi mbili, usiingizwe ada ya shule.

7. Maswali ya mzazi kuhusu mradi wa shule

Mradi mzuri wa biashara shuleni una uwazi uleule ambao tunautaka kwa mfanyabiashara. Mzazi anaweza kuuliza, kwa heshima, katika kikao cha wazazi:

– Mtaji umetoka wapi, na ukipotea ni nani atakayebeba hasara?
– Daftari la mapato na matumizi linaandikwa na nani, nalo linakaguliwa na nani?
– Faida inagawanywaje, na wanafunzi walishiriki kuamua?
– Mradi unafanyika saa ngapi, na haumwondoi mtoto darasani?
– Bidhaa za chakula zinaandaliwa katika mazingira gani ya usafi?

Mzazi asinunue kwa huruma tu. Akipewa pakiti isiyo na uzito au tarehe, aulize. Mtoto aliyekosolewa na mama yake kuhusu lebo amepata mteja wa kwanza wa kweli, na atakuwa makini kwa mteja wa pili.

8. Ukipunjwa, uende wapi?

Anza kwa muuzaji, ukiwa na bidhaa na risiti. Asipokusikiliza, malalamiko ya mizani na ujazo yapelekwe kwa Wakala wa Vipimo. Ya ubora na usalama wa bidhaa, Shirika la Viwango Tanzania. Ya bidhaa bandia, matangazo ya uongo na masharti kandamizi, Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Malalamiko ya mikopo yasiyotatuliwa na mtoa huduma yapelekwe Benki Kuu. Andika tarehe, mahali, kiasi ulicholipa na unachodai.

Zoezi la nyumbani

Mzazi na mwanafunzi wafanye pamoja.

1. Majani ya chai ya gramu 250 yanauzwa Sh. 3,000, na ya gramu 100 yanauzwa Sh. 1,300. Ni yapi yenye bei nafuu kwa kilo?
2. Pakiti ya biskuti ilikuwa gramu 80 kwa Sh. 500. Sasa ni gramu 70 kwa Sh. 500. Bei ya kilo imepanda kwa asilimia ngapi?
3. Mtu amekopa Sh. 50,000 na kutakiwa kulipa Sh. 2,500 kila siku kwa siku 30. Riba ni kiasi gani? Kikundi cha karanga kingeuza pakiti ngapi kuilipa?
4. Chagueni bidhaa tatu zilizofungashwa jikoni kwenu. Pimeni uzito wake kwa mizani iliyohakikiwa, kisha mlinganishe na ulioandikwa.

Majibu

1. Ya gramu 250: Sh. 12,000 kwa kilo, dhidi ya Sh. 13,000.
2. Kutoka Sh. 6,250 hadi takribani Sh. 7,143, ongezeko la asilimia 14 hivi.
3. Jumla ya marejesho ni Sh. 75,000, riba ni Sh. 25,000, yaani nusu ya mkopo. Ni pakiti 334.
4. Kumbukeni kuondoa uzito wa kifungashio. Mkiona upungufu, hifadhini pakiti na risiti, kisha fuateni utaratibu wa sehemu ya 8.